Taa ya poti inawaka, jirani amekufa: yaliyonikuta tawi la Moshi (uzi mrefu)

Mzee_wa_Njiro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mnaoshinda na ruta na swichi karibuni mkae. Mliokuja kuulizia bei za simu, hapa hamtapata kitu leo.

Mimi ndiye fundi wa mtandao, fundi wa printa na fundi wa "kompyuta yangu imekuwa nzito" kwenye SACCOS moja yenye makao makuu hapa Arusha na tawi Moshi. Jina nalihifadhi, mkate wangu uko humo. Seva ya wanachama iko Arusha, tawi linaifikia kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti.

Mwaka jana nilihangaika na bodi mpaka wakakubali kulipia laini mbili pale Moshi. Ya kwanza faiba, ya pili wayalesi ya mtoa huduma mwingine kutoka mnarani. Mzee mmoja wa bodi aliniuliza, "Kijana wangu, tulipe mbili tutumie moja, hiyo ni hesabu ya wapi?" Nikamjibu kwa mbwembwe: mzee, faiba ikikatika tu wayalesi inadaka palepale, hata keshia hatashtuka.

Sasa tarehe 28, saa nne asubuhi, simu ya meneja wa tawi.

"Baba, mtandao hakuna."
"Shikamoo mama."
"Marahaba. Mtandao hakuna."

Nikamuuliza taa za ruta. Akasema zote zinawaka, tena zinapepesa vizuri kuliko jana. Nyuma yake nasikia watu wanaguna, mwisho wa mwezi huo, na kuna sauti ya mama inauliza kama ada ya mtoto italipwa leo au arudi Kiboriloni.

Najaribu kuingia kwenye ruta kupitia anwani ya faiba, kimya. Napitia anwani ya wayalesi, kimya. Napiga simu kwa mtoa huduma wa wayalesi, kijana ananiambia kaka kifaa chako nakiona, kiko hewani, kinapiga pingi safi (pingi ni ile hodi ya kupima kama kifaa kinaitika). Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho. Laini nzima ipo, tawi limekufa.

Nikampigia keshia, kijana mmoja msikivu. Nikamwambia chini ya kaunta kuna kiboksi cheusi chenye taa mbili, chenye kebo ya njano inayoingia kwenye ruta. Ichomoe upande wa ruta.

"Braza, si nitaharibu zaidi?"
"Chomoa."

Hata sekunde tano hazikuisha nikasikia ukumbi mzima: "Aaaah, umerudi!"

Yaani wakuu, nilitengeneza mtandao kwa kuchomoa waya. Baadaye tukaambiwa kuna mafundi wa bomba walichimba mtaro wakaikata faiba tangu saa tatu na nusu. Kwa hiyo laini ilikufa, bekapu ikawepo, na ruta yangu ikakaa nusu saa na ushee ikitupa pakiti, yaani vipande vya data, kwenye shimo.

Nimejifunza mengi tangu siku hiyo. Kabla sijamwaga, nani anaweza kuniambia kosa lilikuwa wapi?

---

Chalii_wa_Sombetini

Siti ya mbele. Endelea mkuu.

---

mama_seva

Kile kiboksi cheusi ni media konveta. Upande mmoja faiba, upande mwingine kebo ya kawaida. Faiba ikikatika upande wa kwanza unazima, lakini kebo kati ya kiboksi na ruta ni nzima, haina habari. Ruta inatazama poti yake, inaona umeme upo, taa inawaka, inasema laini iko hewani. Njia ya umbali 1, yaani faiba inayotangulizwa, inabaki kwenye jedwali la njia; ya umbali 2, wayalesi ya akiba, inabaki benchi. Keshia alipochomoa kebo, poti ikashuka kwelikweli, njia ya kwanza ikafutika, mchezaji wa akiba akaingia.

Baadhi ya konveta zina kiswichi kidogo cha kuwasha kitu kinaitwa LLF: upande wa faiba ukifa, nacho kinaua upande wa kebo makusudi ili ruta ijue. Wengi hawakigusi tangu kinatoka kwenye boksi.

---

Mzee_wa_Njiro

Dada umemaliza kila kitu kwa aya moja, mimi iliniuma siku mbili kuelewa. Na kile kiswichi nilikiangalia: kipo, kimezimwa, kina vumbi la mwaka mzima.

Niongeze na jibu la kwa nini sikuweza kuingia kwa anwani ya wayalesi. Pakiti zangu zilikuwa zinafika. Ruta ilikuwa inajibu. Ila majibu iliyapeleka kwenye njia yake kuu, ile faiba iliyokatika. Mtu anakuita kwa mlango wa nyuma, unamjibu kwa mlango wa mbele uliozibwa. Dawa yake ni kuandika sheria kwamba kilichoingia kwa wayalesi kitokee kwa wayalesi. Fanyeni hilo kabla hamjafanya lolote, maana siku ya msiba ndiyo mlango wako pekee.

---

Binti_Kibosho

Samahanini wakubwa, mimi bado nasoma chuo. Kwa hiyo ruta haijui kama ruta ya upande wa pili ni nzima? Nilidhani ndiyo kazi yake.

---

fundi_masafa

Swali zuri mdogo wangu, usiombe samahani.

Kuna mambo mawili watu wanayachanganya. La kwanza ni hali ya kiungo: waya umechomekwa, mwanga unafika, poti iko juu. La pili ni hali ya jirani: ile ruta iliyoko ng'ambo inaongea na wewe au haiongei. Mlango wa jirani kuwa wazi haina maana jirani yuko ndani. Mpaka ubishe hodi aitikie.

Ruta zinabishiana hodi kwa itifaki, yaani lugha ya makubaliano. Ukiwasha OSPF, itifaki ya ruta za mtandao mmoja kupashana njia, kila ruta inatuma pakiti ya salamu kwa majirani zake kila sekunde 10 kwa mpangilio wa kawaida. Sekunde 40 zikipita bila salamu, jirani anatangazwa marehemu na njia zote zilizopita kwake zinatafutiwa mbadala. Poti ikishuka kabisa haisubiri hizo 40, inamwondoa saa hiyohiyo. Zile 40 zinakuhusu pale ambapo katikati kuna swichi, konveta au redio inayoficha kifo. Yaani kesi ya mwanzisha uzi.

BGP, itifaki ya kupashana njia kati ya mtandao na mtandao, inasubiri zaidi. Ruta nyingi zinatoka kiwandani na sekunde 180 za kusubiri. Dakika 3 ni ndefu sana kwa mtu aliyesimama dirishani na kitabu cha akiba mkononi.

Ukitaka haraka kuna BFD, iko kwenye RFC 5880 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2010. Kazi yake ni moja tu, kupima kama mwenzako yupo. Ukiweka pakiti kila milisekunde 300 na kuvumilia 3 zinazopotea, unajua ndani ya milisekunde 900 kwamba njia imekufa, kisha inaiambia OSPF au BGP ichukue hatua. Haijali kama taa inawaka.

---

Kiboriloni1

Mnamtisha mtoto wa watu. Tawi lenye kompyuta sita, OSPF na BFD za nini? Kwenye ruta za Mikrotik unaandika `check-gateway=ping` kwenye ile njia ya kwanza, basi. Ruta inapigia lango pingi kila sekunde 10, zikipotea mbili njia inazimwa. Nimefunga hivyo maduka mengi tu hapa Moshi na yanalala vizuri.

---

Mzee_wa_Njiro

Kaka Kiboriloni, ndiyo hatua ya kwanza niliyofanya jioni ileile, na kwa kesi yangu ingetosha. Ila ina tundu, nililiona wiki iliyofuata.

Lango unalopigia pingi ni lipi? Mara nyingi ni kifaa cha mtoa huduma cha karibu, pengine mtaa wa pili. Kile kinaweza kuwa kizima kabisa kinakuitikia, huku laini yake ya kwenda Dar imekatika. Unapiga hodi kwa mlinzi wa geti, anakwambia karibu, kumbe mwenye nyumba hayupo.

Ndiyo maana sasa napima kitu cha mbali, anwani iliyoko nje ya mtandao wa mtoa huduma, kwa njia ya kujirudia: naiambia ruta kwamba anwani fulani inafikiwa kupitia faiba tu, halafu njia kuu inaegemea anwani hiyo. Isipoitika, njia kuu inaanguka.

Angalizo kwa mtakaokwenda kujaribu usiku huu: anwani mnayoitumia kupima msiifanye DNS ya ofisi, yaani ile seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Mmeifunga kwenye faiba, kwa hiyo faiba ikifa na DNS imekufa, wayalesi itashika lakini hakuna ukurasa utakaofunguka. Niulizeni nimejuaje.

---

Kiboriloni1

😂😂 Umejuaje?

---

Mzee_wa_Njiro

Tuendelee na mada.

---

Laizer_wa_mnara

Acha nami nitoe la kwangu, kwa sababu naona vijana wakisoma habari ya milisekunde 900 wataenda kubana taima kila mahali.

Nina kiungo cha wayalesi cha 5 GHz, kilomita 8 hivi, kutoka upande wa Sakina kwenda juu ya Ngaramtoni. Nilisoma kama mnavyosoma nyie hapa, nikaweka salamu kila sekunde 1, kifo sekunde 3. Nikalala nikijiona bingwa. Saa nane usiku simu inaanza kutetemeka: jirani chini, jirani juu, chini, juu. Kila akishuka, ruta zote zinakaa kikao upya zinapanga njia, zikimaliza tu anarudi, kikao tena. Logi ya usiku ule niliihesabu mpaka 200 nikaacha. Kiungo kilikuwa kinapitisha data! Kilipoteza pakiti chache tu pale na pale, na kila zilipoangukia kwenye salamu, mimi nikaua jirani aliye hai.

Nikalaumu mvua, ilikuwa Aprili.

---

fundi_masafa

Mvua umeisingizia bwana. Kwa 5 GHz na kilomita 8 mvua haikufanyi kitu cha maana. Inaumiza kuanzia 10 GHz kupanda, na 60 GHz ndiyo inakatika kabisa. Ulipanda mnarani ukatazama?

---

Laizer_wa_mnara

Nilipanda. Kulikuwa na safu ya migrevilea ya mzee mmoja katikati ya njia. Nilipofunga kiungo ilikuwa chini, miaka minne baadaye imenyanyuka. Usiku upepo unashuka kutoka Meru, matawi yanacheza, na mawimbi nayo yanacheza.

Watu wanadhani ukiiona antena ya pili kwa macho imetosha. Mawimbi yanataka nafasi pembeni pia, lile yai linaloitwa ukanda wa Fresnel. Kwa kilomita 8 na 5.8 GHz, katikati ya njia lina nusu kipenyo cha mita 10 hivi, na unataka angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 6 juu ya ncha ya mti. Mimi nilikuwa na mita moja na nusu.

Yule mzee alikataa kukata, na alikuwa na haki, ile ni miti yake ya mbao. Nikapandisha antena. Na taima nikairudisha: sekunde 5 na 20. Tangu hapo jirani hashuki hovyo.

---

mama_seva

Hii ya Laizer ibandikwe juu. Faiba yenye BFD ya milisekunde 300, sawa. Redio, mpe pumzi. Na ukiweza, weka kanuni kwamba laini iliyoanguka ikirudi isipewe kazi papo hapo, isubiri dakika 2 au 3 ikiwa imetulia. Kuanguka haraka, kurudi polepole.

Binti Kibosho, ukiwasha OSPF maabara, angalia neno lililo mbele ya jina la jirani. Unataka `Full`. Kwenye swichi yenye ruta nyingi, `2-Way` kati ya zile ambazo si viongozi ni kawaida, usihangaike. `Init` maana yake unasikia salamu zake lakini yeye hajakutaja kwenye zake, pengine hakusikii. Ukimkuta amekwama `ExStart` saa nzima, kabla hujamtukana mtu angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, za pande zote mbili. Nimeona watu wazima wakibadilisha ruta nzima kwa sababu upande mmoja ulikuwa 1500 na mwingine 1480.

---

Binti_Kibosho

Asante sana dada, nimeandika. Na nyie mnajuaje usiku kwamba jirani ameshuka? Mnakaa macho?

---

Mzee_wa_Njiro

Nilifunga Zabbix, programu ya kufuatilia mtandao, kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa ya mapokezi, imekaa chini ya meza yangu. Inauliza ruta hali zao kwa SNMP (itifaki ya kufuatilia vifaa) kila dakika, na ruta nazo zinatuma trapu, yaani taarifa za tukio, zenyewe jirani akibadilika hali. Nikapanga alamu ije kwenye simu.

Jaribio la kwanza, nikazima laini ya Moshi. Kimya. Kwa nini? Trapu ya kusema "laini imekufa" ilipanda laini iliyokufa. Inasafiri kwa UDP ile, inatumwa mara moja, haiulizi kama imefika. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akachungulia.

Kwa hiyo somo: yule wa Arusha ndiye apige kelele anapokosa kumsikia wa Moshi. Usimtegemee marehemu atangaze msiba wake. Na pale Arusha nikachomeka modemu ya laini ya simu ya kutuma SMS, ili hata intaneti ya ofisi ikifa, alamu inatoka.

---

fundi_masafa

Na msifuatilie juu na chini tu. Kiungo huumwa kabla ya kufa. Kama moduli yako ya faiba inasoma nguvu ya mwanga, chora grafu yake. Kuna ofisi moja hapa mjini niliona mwanga ukitoka -13 dBm, wiki iliyofuata -17, halafu -22. Kila ukishuka dB 3 umebaki na nusu, kwa hiyo pale walikuwa wamebaki na moja ya nane ya mwanga wao, na hakuna aliyelalamika bado. Nikaenda. Kabati la mafaili lilisogezwa likaibana faiba ukutani, imekunjika kama mgongo wa kamba. Tulilivuta nusu futi, mwanga ukarudi. Kazi ya dakika mbili, saa tatu asubuhi, badala ya saa nne usiku.

Vilevile tazama makosa ya CRC kwenye poti, yaani pakiti zilizofika zimeharibika. Yakipanda kila siku, kuna kebo au kiunganishi kinaomba kubadilishwa.

---

Kiboriloni1

Haya, mmenishinda kwa hoja, nitarudi madukani kwa wateja wangu. Ila niwape hesabu ya kuwapelekea mabosi. Laini inayopatikana asilimia 99 inaonekana nzuri, lakini kwa mwaka imekufa siku 3 na saa 15 hivi. Ukiwa na mbili za aina hiyo zisizotegemeana, nafasi ya zote kufa pamoja ni moja kwa elfu kumi, yaani dakika 53 kwa mwaka. Mzee wa bodi wa Njiro angelielewa hilo.

---

mama_seva

"Zisizotegemeana" ndiyo neno la kuchunga hapo. Laini mbili zinazopita nguzo moja ni laini moja yenye risiti mbili. Mzee wa Njiro, zako zinakutana wapi?

---

Mzee_wa_Njiro

Dada kwa nini unapenda kunidhalilisha hadharani.

Jumamosi nilipanda Coaster nikaenda Moshi nikafuatilia kila waya kwa mkono. Faiba inaingia kwa barabarani, wayalesi iko juu ya paa upande wa nyuma, hazikutani popote. Nikafurahi. Nikainama chini ya kaunta. Media konveta, kifaa cha wayalesi, ruta na birika la chai la wafanyakazi, vyote kwenye ekstensheni moja. Ile nyeupe ya tundu nne, inayotoa cheche ukiigusa.

---

Chalii_wa_Sombetini

Birika 😂😂😂 Chuga hatuna maneno.

---

Mzee_wa_Njiro

Mrejesho wa leo, Ijumaa. Tumesubiri mpaka saa kumi na moja na nusu, wateja wameondoka, meneja amekaa na soda yake anatazama. Pingi inakimbia kwenye skrini kutoka kompyuta ya keshia kwenda seva Arusha, moja kila sekunde.

Sikuchomoa kebo ya njano. Nilichomoa faiba yenyewe nyuma ya konveta, kiswichi cha LLF nikiwa nimekiacha kimezimwa makusudi, ili nione ruta inajitegemea. Kwa ule upimaji wa mbali peke yake zilipotea pingi 23. Nikarudisha, nikasubiri itulie, nikawasha OSPF juu ya VPN mbili, moja kwa kila laini, salamu sekunde 2 na kifo sekunde 8. Nikachomoa tena: zikapotea 8. Nikawasha LLF, nikachomoa mara ya tatu: 2.

Nimeacha vyote vitatu. SMS ya alamu ilifika mara zote, mara ya tatu ikafika kabla sijanyanyua kichwa.

Meneja akauliza, "Ndiyo umekata sasa hivi?" Nikamwambia ndiyo mama, mara tatu. Akasema mbona yeye hajaona kitu.

---

mama_seva

Hongera. Na ekstensheni?

---

Mzee_wa_Njiro

Ruta na wayalesi ziko kwenye UPS, konveta kwenye soketi ya ukutani peke yake. Ile ekstensheni wamegoma kuitoa. Imebaki na birika.